Atatürk na Meli Zake: Kwa Nini Uturuki Humkumbuka kwa Honi za Baharini

Kila inapofika tarehe 10 Novemba, video zilezile huzunguka kwenye simu zetu: barabara kuu ya Istanbul, madereva wameshuka kwenye magari, king'ora kinalia, na vivuko vya Bosphorus, mlango-bahari unaoukata mji huo, vimetulia majini vikipiga honi. Maswali nayo hurudi yaleyale. Je, Waturuki wanamwabudu Atatürk? Kwa nini iwe saa 3:05 asubuhi? Na picha za meli kuukuu zinazosambazwa siku hiyo zinamhusu vipi jemadari aliyepigana maisha yake yote nchi kavu? Swali hilo la mwisho huulizwa na wachache, ila ukilijibu vizuri yale mengine yanakuwa mepesi.

Tuanze na mtu mwenyewe. Mustafa Kemal alizaliwa mwaka 1881 katika mji wa bandari wa Selanik, ambao leo ni Thessaloniki ya Ugiriki. Alikuwa ofisa wa jeshi la Dola ya Uthmaniya na jina lake lilivuma mwaka 1915 katika vita vya Gallipoli. Aliongoza Vita vya Uhuru vya Uturuki, akawa rais wa kwanza wa Jamhuri iliyotangazwa 29 Oktoba 1923, na akabaki rais hadi kifo chake. Jina Atatürk, yaani Baba wa Waturuki, alipewa na Bunge mwezi Novemba 1934, baada ya sheria iliyomtaka kila raia awe na jina la ukoo. Alifariki katika Kasri la Dolmabahçe, ukingoni mwa Bosphorus, tarehe 10 Novemba 1938 saa 3:05 asubuhi. Dakika hiyo ndiyo inayolizwa honi. Na kwa kuwa tangu mwaka 2016 Uturuki haibadilishi tena saa zake majira ya baridi, saa ya Istanbul ni sawa na ya Nairobi, Dar es Salaam na Kampala. King'ora kikilia kule, saa ya ukutani kwako inasoma dakika ileile.

Kuhusu kuabudu: kinachofanyika ni kusimama kimya kwa kama dakika mbili, bendera ikiwa nusu mlingoti. Si sala wala ibada. Familia zinazotaka kumsomea Qur'ani na kumwombea hufanya hivyo kando, nyumbani au msikitini. Ubishi juu yake, hata hivyo, ni wa kweli na haufai kufichwa. Mwaka 1924 ukhalifa ulifutwa, mwaka 1928 herufi za Kiarabu zikaachwa, na kuanzia mwaka 1932 adhana iliadhiniwa kwa Kituruki hadi mwaka 1950 iliporuhusiwa tena kwa Kiarabu. Wapo Waturuki wasiomsamehe kwa hayo, na wapo wanaosema bila yeye pasingekuwa na nchi ya kubishania. Asiyekubaliana naye na anayempenda, wote wawili wanaijua meli moja kwa jina, na hiyo ndiyo ya kuanza nayo.

Meli hiyo ni Bandırma. Ilijengwa Paisley, Scotland, mwaka 1878, ikiitwa Trocadero. Ilikuwa meli ndogo ya mvuke, tani 279, urefu usiofika mita 50, iliyoundwa kubeba mizigo. Mwaka 1883 ilinunuliwa na Wagiriki, na mwaka 1894 ikaingia kwenye shirika la meli la Dola ya Uthmaniya, ikawa inapiga ruti za karibu na Istanbul. Kufikia mwaka 1919 ilikuwa na umri wa miaka 41, na kwa meli ya makaa ya mawe huo ni uzee hasa. Matangi ya mvuke ya enzi hizo yalichoka haraka kwa kutu na magadi ya chumvi, presha ikashuka, na presha ikishuka rafadha inazunguka polepole hata ukirundika makaa kiasi gani.

Hali ya nchi ilikuwa hivi. Dola ilishindwa katika Vita Kuu vya Kwanza, na tangu Novemba 1918 manowari za Uingereza, Ufaransa na Italia zilikuwa zimetia nanga mbele ya Istanbul. Tarehe 15 Mei 1919 jeshi la Ugiriki likateremka Izmir. Kesho yake, tarehe 16, Bandırma iling'oa nanga Istanbul ikiwa na Mustafa Kemal Pasha na maofisa wake. Ilisimamishwa kwanza karibu na Kız Kulesi, ule mnara mdogo uliojengwa juu ya mwamba kwenye mdomo wa Bosphorus, ikapekuliwa na maofisa wa mataifa yaliyoshinda, kisha ikaruhusiwa kuingia Bahari Nyeusi. Ilipita Sinop na kufika Samsun asubuhi ya tarehe 19 Mei. Ni zaidi ya maili za baharini 300, karibu siku tatu usiku na mchana, katika bahari yenye mawimbi mafupi ya ghafla yanayoichosha meli ndogo kuliko mawimbi marefu ya bahari kuu.

Hapa ndipo hadithi nyingi zisizo sahihi zilipoota.

Ya kwanza inasema alitoroka Istanbul kwa siri. Hapana. Alisafiri na barua rasmi ya uteuzi iliyotolewa na serikali ya Sultani mwishoni mwa Aprili: awe mkaguzi wa Jeshi la Tisa, atulize ghasia za pwani ya Bahari Nyeusi na asimamie ukusanyaji wa silaha. Ndiyo maana meli ilipopekuliwa haikuzuiwa, kwa sababu kila mtu ndani yake alikuwa na kibali. Siri ilikuwa katika alichokusudia kukifanya baada ya kuteremka. Mwezi mmoja tu baadaye, 22 Juni, alitoa waraka wa Amasya uliosema kwamba uhuru wa taifa utaokolewa na taifa lenyewe. Kisha ikaja mikutano ya Erzurum na Sivas, na tarehe 23 Aprili 1920 Bunge likafunguliwa Ankara.

Ya pili ni ile ya dira mbovu na nahodha asiyeijua Bahari Nyeusi, kwamba ndiyo sababu meli ilijikokota kando ya nchi kavu. İsmail Hakkı Durusu, aliyekuwa nahodha, alikuwa mtu wa bahari kwa kazi. Kupita karibu na pwani kulikuwa uamuzi, tena wa busara: kulikuwa na hofu ya kufukuzwa na manowari, na meli ya mwendo ule haiwezi kuikimbia manowari yoyote. Ikibanana na ufuko inaweza kupandishwa mchangani, watu wakaruka wakaingia milimani. Huku bahari kuu, ingekuwa mwisho wao.

Ya tatu ni hesabu ya abiria. Utasikia kila mara "Mustafa Kemal na wenzake 18". Hao ni maofisa wa makao yake, akiwemo daktari wa jeshi Refik Saydam, ambaye baadaye, kati ya 1939 na 1942, alikuwa waziri mkuu. Walikuwapo pia askari wa kawaida, na walikuwapo mabaharia: waliochochea makaa kwenye joto la chini, walioshika usukani, waliopima kina. Nadhani inafaa watajwe, kwa sababu bila wachochea makaa hakuna Samsun.

Mwisho wa safari wenyewe unastahili kutazamwa kwa karibu. Picha za kuchorwa humwonyesha akishuka ngazini kwenye gati kubwa la mawe. Samsun ya mwaka 1919 haikuwa na gati la kufungia meli. Kama ilivyokuwa katika miji mingi ya pwani ile, meli ilitia nanga mbali kidogo, mashua za makasia zikaja ubavuni, abiria wakashuka kwa ngazi huku mashua ikipanda na kushuka na wimbi. Unangoja mashua ipande, ndipo unatia mguu. Ukikosea hesabu, wimbi likishuka, mguu unabaki hewani. Kutoka hapo walipigwa makasia hadi kwenye gati la mbao lililotumika kupakia tumbaku. Hivyo ndivyo ilivyoanza tarehe ambayo leo ni sikukuu ya taifa ya kumkumbuka Atatürk, Vijana na Michezo. Na kwa kuwa siku yake halisi ya kuzaliwa haijulikani, 19 Mei ndiyo iliyokubaliwa kuwa siku hiyo pia.

Bandırma iko wapi leo? Ilivunjwa na kuuzwa chuma chakavu mwaka 1925. Ile inayoonekana Samsun, yenye sanamu za maofisa ndani, ni nakala iliyoundwa upya zaidi ya miaka 70 baadaye. Inauma kwamba meli hiyo ilikatwa akiwa hai na akiwa rais, lakini nchi iliyotoka vitani ilihitaji chuma na fedha, na wakati ule hakuna aliyeitazama kama kumbukumbu. Ilikuwa meli ya mizigo iliyochakaa.

Sasa tuingie kwenye jambo gumu zaidi, ambalo ndilo kiini cha mapenzi ya Waturuki kwa meli za zamani: kabotaji. Kabotaji ni haki ya kubeba abiria na mizigo kati ya bandari mbili za nchi moja. Chukua mfano wa basi la Nairobi linaloleta abiria Dar es Salaam. Kuwaleta ni sawa. Lakini likianza kupakia watu Moshi wa kushukia Korogwe, limeingia kwenye kazi ya mabasi ya ndani. Chini ya Dola ya Uthmaniya hali ya baharini ilikuwa hiyo ya pili. Kwa mikataba ya upendeleo iliyorundikana kwa karne kadhaa, kampuni za Austria, Ufaransa na wengineo zilichukua abiria Istanbul na kuwashusha Izmir au Trabzon, nauli zikaenda ng'ambo. Mwenye pwani alikuwa abiria katika pwani yake.

Mkataba wa Lausanne wa 24 Julai 1923 ulifuta mikataba hiyo ya upendeleo. Kisha Sheria namba 815 ya mwaka 1926, iliyoanza kufanya kazi tarehe 1 Julai, ikatamka kwamba usafiri kati ya bandari za Uturuki ni wa meli zenye bendera ya Uturuki, na kazi za kuvuta meli, kuongoza meli bandarini, uvuvi, uzamiaji na ubaharia katika maji yake ni za raia wake. Ndiyo maana 1 Julai ni Siku ya Kabotaji na Bahari. Wengine husema sheria hiyo ilifukuza meli za kigeni. Haikuzifukuza. Meli ya kigeni inaleta shehena kutoka nje na kupakia shehena ya kwenda nje kama kawaida. Ilichokatazwa ni kuokota abiria na mizigo ya ndani.

Papo hapo tuondoe uvumi mwingine ambao umezunguka sana katika makundi ya Kiswahili: kwamba Lausanne ilikuwa na vifungu vya siri, ingekwisha baada ya miaka 100, na kuanzia mwaka 2023 Uturuki ingeruhusiwa kutoza meli zote zinazopita Bosphorus. Mkataba huo hauna tarehe ya kwisha. Na upitaji wa milango-bahari ya Bosphorus na Dardanelles husimamiwa na mkataba mwingine kabisa, wa Montreux, uliotiwa saini 20 Julai 1936. Huo unazipa meli za biashara uhuru wa kupita wakati wa amani, na Uturuki hutoza ada za huduma tu, kama vile za ukaguzi wa afya, minara ya taa na uokoaji. Mwaka 2023 ulikuja na kupita, meli zinaendelea kupita.

Baada ya sheria ya 1926 ndipo zikaja zile meli ambazo wazee wa Uturuki huzitaja kama watu wa ukoo. Nyingi zilinunuliwa zikiwa zimekwisha kutumika kwingine, na historia zao ni za kushangaza. Gülcemal, iliyopewa jina la mama wa Sultani Mehmed Reşad, ilijengwa Belfast mwaka 1874 kwa jina la Germanic, na kampuni ileile ya Harland & Wolff ambayo baadaye iliunda Titanic, kwa mwenye meli yuleyule, White Star Line. Ilinunuliwa na Dola mwaka 1911, ikapigwa torpedo na nyambizi ya Uingereza mwaka 1915 isizame, na mwaka 1920 ikavuka Atlantiki hadi New York. Ilivunjwa Italia mwaka 1950, ikiwa imeelea kwa zaidi ya miaka 75. Karadeniz nayo iligeuzwa maonyesho yanayoelea: kati ya Juni na Septemba 1926 ilizunguka bandari 16 katika nchi 12 za Ulaya ikionyesha mazulia, tumbaku, vyakula na kazi za mikono za Jamhuri changa. Ilikuwa njia ya kujitambulisha kwa watu ambao walikuwa wamesikia habari za Uturuki kupitia vita tu.

Atatürk mwenyewe alisafiri sana baharini. Septemba 1924 alikwenda Trabzon kwa manowari Hamidiye, akapita Bosphorus bila kuteremka Istanbul. Aliukanyaga mji huo kwa mara ya kwanza tangu Mei 1919 tarehe 1 Julai 1927, akifika kwa yoti Ertuğrul. Jina hili huwachanganya wengi, hasa sasa ambapo tamthilia za Kituruki zimemfanya Ertuğrul wa karne ya 13, baba wa Osman aliyeanzisha Dola ya Uthmaniya, afahamike hadi vijijini kwetu. Kuna Ertuğrul mbili za bahari. Moja ni manowari ya matanga na mvuke iliyozama pwani ya Japani Septemba 1890, ikaua zaidi ya watu 500, na ndiyo chanzo cha urafiki unaosimuliwa kati ya Japani na Uturuki. Nyingine ni yoti iliyojengwa Uingereza mwaka 1903 kwa ajili ya Sultani Abdulhamid wa Pili. Atatürk alipanda hii ya pili.

Yoti hiyo ilipozeeka, ikanunuliwa Savarona. Ilijengwa Hamburg mwaka 1931 katika karakana ya Blohm & Voss kwa tajiri wa Kimarekani, Emily Roebling Cadwallader, mjukuu wa mhandisi wa Daraja la Brooklyn. Ina zaidi ya mita 120. Serikali ya Uturuki iliinunua Machi 1938 na ikafika Istanbul tarehe 1 Juni. Wanaosema Atatürk aliponda raha ndani yake miaka mingi hawajatazama kalenda. Alikuwa tayari anaugua ini. Alikaa humo chini ya wiki nane, akaongoza vikao vya mawaziri, akampokea Mfalme Carol wa Pili wa Romania, na mwishoni mwa Julai akahamishiwa Dolmabahçe, hakutoka tena. Ukitafakari kwamba mtu huyu alikwenda Samsun kwa meli ya tani 279 na akafikiwa na meli ya fahari akiwa hawezi kuifaidi, unaelewa kwa nini Waturuki huitazama Savarona kwa huzuni.

Safari yake ya mwisho nayo ilikuwa ya baharini. Tarehe 19 Novemba 1938 jeneza lilitolewa Dolmabahçe juu ya gari la mzinga hadi rasi ya Sarayburnu. Yavuz, manowari kubwa kuliko zote za Uturuki, ilikuwa na urefu wa mita 186 na haikuweza kusogea pale ukingoni. Kwa hiyo jeneza lilipakiwa kwanza kwenye manowari ndogo, Zafer, ambayo ililipeleka hadi ubavuni mwa Yavuz na kulikabidhi. Yavuz ikalibeba hadi Izmit, na kutoka hapo treni ikalipeleka Ankara usiku huo.

Yavuz ilikuwa nani? Ni Goeben ya Wajerumani, iliyojengwa katika karakana ileile ya Hamburg iliyokuja kuijenga Savarona. Agosti 1914 ilifukuzwa na Waingereza katika Mediterania ikakimbilia Dardanelles, ikapewa bendera ya Uthmaniya. Ni mwezi uleule ambapo ndugu yake wa jeshi moja, manowari Königsberg, alikuwa akiwinda meli huku kwetu, katika Bahari ya Hindi. Yeye aliishia matopeni Rufiji mwaka 1915. Goeben ilidumu. Mwaka 1963 Uturuki iliwaomba Wajerumani wa Magharibi waichukue waihifadhi, wakakataa, na kati ya 1973 na 1976 ikakatwa vipande.

Miongoni mwa manowari za kigeni zilizokuja kwenye mazishi ilikuwamo HMS Malaya ya Uingereza. Meli hiyohiyo, tarehe 17 Novemba 1922, ilimchukua Sultani wa mwisho, Mehmed Vahdettin, kutoka Istanbul na kumpeleka Malta, wiki mbili baada ya Bunge la Mustafa Kemal kufuta usultani. Miaka 16 baadaye ikarudi kumpigia saluti aliyemwondoa.

Kwa anayepitia Istanbul leo na saa kadhaa za kusubiri ndege nyingine, haya ndiyo yanayofikika. Chumba alichofia kipo wazi ndani ya Dolmabahçe, saa yake ikiwa imesimamishwa 9:05 kwa hesabu yao. Kivuko Fenerbahçe, kilichojengwa Scotland miaka ya 1950 na kustaafu mwishoni mwa 2008, kinaelea kwenye Jumba la Makumbusho la Rahmi M. Koç, ukingoni mwa ghuba ya Haliç, na unaweza kuingia ndani yake. Savarona iliungua mwaka 1979 ikiwa meli ya mafunzo, ikatengenezwa upya na mkodishaji binafsi, kisha ikarudi mikononi mwa serikali. Si ya kuingilia kwa tiketi. Nakala ya Bandırma ipo Samsun, mbali na Istanbul, kwa hiyo hiyo haingii katika safari ya kupita. Itengee siku yake. Kaburi lenyewe liko Ankara, Anıtkabir, alikohamishiwa tarehe 10 Novemba 1953 baada ya miaka 15 katika Jumba la Makumbusho ya Ethnografia, na kuingia ni bure.